Mkono Ulioinuliwa Kanisani Bunda

Kabla hujacheka, nikuambie tu kwamba umechelewa, wenzako wote wamekwisha kucheka. Wamecheka hapa Musoma, Kamunyonge nilipo na duka la dawa, wamecheka Kigera ninapolala, wamecheka stendi ya Bunda mpaka wapiga debe wakanipa jina, na nasikia hata Butiama, anakoishi shemeji yangu, kuna kijiwe ambacho jioni wanaigiza namna nilivyoanguka, mmoja anakuwa mimi na mwingine anakuwa spika. Kwa hiyo na wewe cheka, sikukatazi, mimi mwenyewe mwanzoni nilikuwaga nausimulia huu mkasa kwa mbwembwe zote, nasimama, nadondoka, nainuka. Siku hizi siwezi. Kuna mama mmoja katikati ya hiki kichekesho ambaye hajacheka hata kidogo, na mpaka leo hii anaumwa.

Mimi ni mfamasia, naitwa Masatu. (Huku kwetu kila anayevaa koti jeupe ni dokta, na sijawahi kumsahihisha mtu anayeniita dokta, nani anakataa heshima ya bure?) Kazi yangu ni kuuza dawa na kueleza dawa, na kwa miaka mingi wateja wangu wakubwa wamekuwa watu wa maumivu. Sisemi maumivu ya kichwa ya siku moja. Nasema yale yanayoingia mwilini kama mpangaji na kukataa kuhama: migongo iliyochakaa kwenye mashamba ya pamba, mabega ya wavuta nyavu, nyayo zinazowaka moto kwa sababu ya kisukari, magoti, nyonga. Watu hawa wanakuja, wanachukua vidonge vyao, wanaaga, halafu wakifika mlangoni wanarudi, wanaangalia nyuma kama kuna mtu, wanainamia kaunta na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Dokta, na ile nyingine?"

Ile nyingine ni bangi. Tusidanganyane, huu ni mkoa wa Mara, hakuna asiyemjua mtu anayemjua mtu. Wengine wanaichemsha kama majani ya chai, wengine wanailoweka kwenye mafuta wanajichua, wengine wanatafuna mbegu, na wote wameona kwenye simu kwamba huko nchi za watu inauzwa dukani na mfamasia mwenye koti kama langu anakaa chini na mgonjwa na kumweleza. Mimi nilikuwa nawajibu vilevile siku zote: ni kweli, ziko nchi zina dawa zilizotengenezwa kutokana na mmea huo, zina kipimo, daktari anaandika na mfamasia anaeleza, na zinamsaidia huyu kidogo, yule zisimsaidie kabisa. Hapa kwetu ni kosa la jinai, na hiyo uliyowekewa kwenye chupa ya soda hakuna anayejua ina nguvu kiasi gani. Lakini mimi si polisi. Kinachonitisha mimi ni kuchanganya, maana ukinywa hiyo juu ya vidonge vikali vya maumivu usingizi unazidi, kichwa kinazunguka, unaanguka, na mzee akianguka akavunjika nyonga basi tena. Kwa hiyo nilikuwa nawaambia, kama unatumia, usinifiche, niambie nijue nakushauri vipi.

Sasa hapo ndipo anapoingia mama mkwe wangu.

Mama Makuru anaishi Mugeta, kule Bunda vijijini, ana mahindi yake, kuku wake na ng'ombe wachache waliobaki tangu mzee afariki, na ana nyonga inayomtafuna mpaka kwenye kisigino. Mke wangu, Mugesi, ni binti yake wa mwisho. Na kama wewe si mtu wa huku, lazima nikueleze kwamba kwetu mkwe na mama mkwe ni watu wanaoheshimiana kwa kukimbiana. Simshiki mkono, sili naye meza moja, sikai kwenye kiti alichoinuka, na tukikutana njiani mimi ndiye ninayetoka pembeni kwenye majani na kuangalia kwingine mpaka apite. Habari za mwili wake ndiyo kabisa, huwezi ukamwuliza mama mkwe nyonga yako inakuuma upande gani, ukoo mzima utakushangaa. Kwa hiyo dawa zake zilikuwa zinapitia kwa Mugesi, maswali yangu yanapitia kwa Mugesi, majibu yake yanarudi kwa Mugesi, na yakifika kwangu yamekwisha kuwa mafupi na ya adabu: mama anashukuru, mama anaendelea vizuri.

Ila mama hakuwa anaendelea vizuri. Alikuwa ameanguka karibu na zizi, akaanguka tena jikoni akaungua mkono kidogo, na Mugesi akirudi kutoka Mugeta alikuwa ananiambia kwamba anamkuta mama amelala mchana kweupe, mdomo wazi, kuku wanamkanyaga. Siku moja aliniuliza kwa hasira, "Hivi dawa zako hizi mbona zinamlevya mama yangu?" Nikapunguza kipimo, nikabadilisha vidonge, nikasema apewe baada ya kula, nikabadilisha tena. Akaanguka tena. Nilikosa raha kabisa, mimi mtu wa dawa ninayeshindwa na mgonjwa mmoja tu wa nyumbani kwangu. (Wewe ulishajua, naona unatabasamu. Mimi sikujua. Mama mkwe wangu alikuwa mwenyekiti wa umoja wa akina mama kanisani kwake, huyo ningemfikiria vipi?)

Basi, katikati ya hiyo shida, mchungaji mmoja wa Bunda mjini, ambaye mgongo wake tunafahamiana nao siku nyingi, akanipigia simu. Akasema anaandaa semina ya watu wenye maumivu ya muda mrefu, amealika makanisa ya jirani mpaka ya vijijini, anataka mtaalamu wa dawa kutoka Musoma aje awafundishe, "na hilo la majani uliseme wazi, Dokta, maana waumini wangu wananiuliza mimi na mimi nilisomea Biblia." Nikakubali mara moja. Nikamwomba kitu kimoja, kwamba nikimaliza kufundisha anipe kile chumba cha pembeni cha ofisi, nikae mlango umefungwa, mmoja mmoja aingie aniambie anatumia nini. Akasema chumba kipo.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuposa. Nikanyoosha koti, nikavaa viatu vipya vyenye soli ya kuteleza, nikasafiri asubuhi kutoka Musoma nikiwa najisikia mtu wa maana. Kanisa lilikuwa limejaa. Mbele kuna ulingo wa saruji uliozibwa kwa vitambaa na maua ya plastiki, kuna maiki yenye waya mrefu, kuna spika kubwa juu ya stuli, na mchungaji alikuwa ameweka spika nyingine za tarumbeta nje, zimeelekea upande wa stendi, ili na wasioweza kuingia wapate neno. Nikaziona. Nikafikiri, vizuri, ujumbe utafika mbali. Ulifika.

Lakini hatukuanza, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa hajafika. Mgeni rasmi alikuwa afisa mtendaji wa kata. Nilimwuliza mchungaji, kwa upole, kama kweli ilikuwa busara kumwalika mtendaji kwenye semina inayozungumzia bangi, akaniambia, "Dokta, shughuli bila mgeni rasmi watu wanaionaga ya kienyeji." Kwaya ikaimba mpaka ikaishiwa nyimbo ikaanza kurudia. Mtendaji akaja jua limepanda, akatoa hotuba kuhusu usafi wa mazingira na michango ya madarasa, ikawa ndefu, na nilipokabidhiwa maiki harufu ya pilau ilikuwa imekwisha kuingia madirishani na watu wa maumivu walikuwa wameanza kuumwa na njaa.

Nilifundisha vizuri, hilo niachieni. Niliwaeleza yote niliyokueleza wewe, wakauliza maswali, mama mmoja akaniuliza kama kujichua mafuta yake ni sawa na kuvuta, nikamjibu, watu wakaandika. Nilipofika mahali pa kuwaambia waje mmoja mmoja kwenye chumba cha pembeni, mchungaji akapanda ulingoni, akaninong'oneza sikioni, "Dokta, chumba wameweka sahani na masufuria. Malizia tu hapohapo, chakula kinapoa."

Hapo ndipo ningesema basi, semina imekwisha, anayenihitaji anifuate Kamunyonge. Sentensi moja. Badala yake nikapata wazo, na balaa lake ni kwamba nililiona zuri sana. Unajua pale mchungaji anapowaita watu kuokoka, anasema kila mtu ainamishe kichwa na kufumba macho, asiangaliwe mtu, halafu anayeguswa anyooshe mkono? Nikasema moyoni, Masatu, una akili wewe. Nikashika maiki kwa mikono miwili nikalegeza sauti, mpaka mpiga kinanda naye akadhani ni wito kweli, akaanza kupiga taratibu.

"Wapendwa," nikasema, "kila mtu afumbe macho. Mchungaji na wewe fumba. Mheshimiwa mtendaji, naomba na wewe." (Ndiyo, alikuwa amekaa palepale mstari wa mbele, najua unachotaka kuniuliza, hata mke wangu aliniuliza hivyohivyo.) "Hapa hakuna atakayeona isipokuwa mimi. Na mimi nimeapa kutunza siri za wagonjwa. Kama unatumia bangi kwa ajili ya maumivu yako, usiseme neno, nyoosha mkono tu nikuone, nijue namna ya kukusaidia."

Hakuna mkono. Kinanda peke yake. Nikaanza kujuta. Halafu mkono ukapanda kule kwa wazee, ukakaa. Ukapanda mwingine kwa akina mama. Ukafuata mwingine, na mwingine, watu na heshima zao, vichwa vimeinama, mikono juu, na nikwambie ukweli nilitaka kulia kwa furaha, maana watu hawa walikuwa wamenificha kwenye kaunta miaka yote na leo wananiambia. Nikawa napitisha macho benchi baada ya benchi, naweka sura kichwani ili baadaye niwatafute kimyakimya.

Nikafika nyuma, karibu na nguzo. Palikuwa na mama amejifunika kanga kichwani mpaka puani, na mkono wake ulikuwa unapanda polepole, kwa shida, kama mtu anayeinua ndoo. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na bangili ya shaba. Niliijua ile bangili, niliinunua mimi Mwanza, Mugesi akaipeleka Mugeta siku ya Krismasi. Nikashuka na macho kutoka kwenye bangili mpaka kwenye kanga. Katika kanisa zima ni yeye peke yake ambaye hakuwa amefumba macho. Alikuwa ananiangalia mimi.

Sikufikiri. Nataka uelewe hilo, sikufikiri chochote, mguu wangu umefundishwa tangu nilipooa kwamba ukimwona mama mkwe, pisha. Ukapisha. Ukarudi nyuma, na nyuma yangu ulingo ulikuwa umekwisha. Kiatu kikateleza kwenye kitambaa, mguu mwingine ukanaswa na waya wa maiki, nikaenda chini na maua ya plastiki, waya ukaivuta spika kutoka kwenye stuli, spika ikatua kwa kishindo kilichofanya kinanda kinyamaze, na mimi, maiki ikiwa bado mkononi, nikapiga ukelele uliosikika mpaka stendi: "Mama mkwe!"

Kila mtu akafumbua macho.

Na mikono ilikuwa bado juu. Hilo ndilo linaloniamshaga. Nilikuwa sijawaambia washushe. Walikuwa watu watiifu, waliambiwa wanyooshe wakanyoosha, na sasa jirani anamwona jirani, mke anamwona mume, mwanakwaya anamwona mzee wa kanisa, mtendaji anawaona wote. Mikono ikaanza kushuka kwa haraka, kama imeungua. Waliotoka Mugeta, ambao wanajua vizuri binti ya nani ameolewa na nani, wakageuka wote kwa pamoja kuangalia nyuma kwenye nguzo. Kwenye mabenchi yale ya nyuma, mkono wa mama mkwe ndio ulikuwa wa mwisho kushuka.

Mtu mwenye busara angebaki pale chini ajifanye amezimia. Mimi nikainuka na maiki. Spika ya ndani ilikuwa imekufa lakini zile za nje zilikuwa nzima kabisa, kwa hiyo nilichokuwa nasema ndani kilikuwa kinatangazwa Bunda nzima. "Wapendwa, tulieni," nikasema, "walionyoosha mikono si wavutaji, wanatumia tu kwa maumivu, hasa wazee wetu hawa na mama zetu." Nje pakalipuka kicheko. Dereva wa bodaboda akapaza sauti, "Dokta, na sisi mgongo unauma, tugawie!"

Mtendaji akasimama, akavuta suruali juu. "Dokta, kwa hiyo hawa wote wana hiyo mali majumbani mwao?"

"Hapana, mheshimiwa. Ilikuwa mfano tu. Mfano wa semina."

Mzee mmoja mwenye masikio mazito, ambaye mkono wake bado ulikuwa juu kwa sababu hakuwa amesikia chochote, akauliza, "Tushushe au bado?" Jirani yake akamvuta mkono, akamwambia kwenye sikio kwamba dokta anasema ni mfano. "Mfano gani?" mzee akasema kwa sauti. "Mimi natumiaga kweli."

Mchungaji alikuwa ameziba uso kwa Biblia. Mtendaji alikuwa anasema kitu kuhusu sheria, na kwamba yeye ni mtumishi wa serikali, hawezi kuona akajifanya hajaona, na kule nyuma mama mkwe wangu akaanza kuinuka.

Wewe humjui, kwa hiyo hujui kuinuka kwake kukoje. Anashika benchi la mbele, anavuta pumzi, anainua upande mmoja, anasimama hapo kwanza, ameinama nusu, anasubiri nyonga imkubalie, halafu ndiyo anamalizia. Fimbo yake ilikuwa imeanguka chini ya benchi. Binti mmoja wa Mugeta akainama kuiokota, mama yake akamvuta kanga akarudi kukaa. Kanisa lote linaangalia. Mimi nilikuwa na mikono miwili mizima, nimesomea miili ya watu, na nisingeweza kwenda kumshika, maana mkwe hamshiki mama mkwe, na baada ya nilichokifanya ningekwenda kumshika kwa uso gani? Nikasimama mikono inaning'inia. Aliiokota fimbo mwenyewe. Alichukua muda mrefu sana, akapita katikati ya mabenchi, kanga imerudi puani, akatoka mlango wa nyuma, na nikasikia bodaboda wale wale wakinyamaza alipotokeza.

Pilau ililiwa. Usiwaonee watu, pilau haikuwa na kosa. Mimi nilikunywa maji nikaondoka.

Nilifika nyumbani Kigera nikakuta habari imenitangulia. Mugesi hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alinipakulia ugali na sato, akaweka mezani, akakaa upande wa pili akiwa amenipa mgongo. Nikamweleza kila kitu, na nikamweleza na lile nililoligundua, kwamba sasa najua kwa nini mama anaanguka, alikuwa anachemsha yale majani na kunywa juu ya vidonge vyangu, vimepandana, si kosa la mtu, linarekebishika, aende tu amwambie. "Nikamwambie nini?" akasema. "Hapokei simu yangu."

Shemeji Makuru, kaka yake mkubwa, akapiga kutoka Butiama. Ni mtu mpole siku zote, ananitania, ananiita mganga. Siku hiyo hakunitania. "Shemeji," akasema, "umemwanika mama juani." Akakata. Ukoo ukakaa kikao kwake Butiama, sikuitwa, nikaletewa tu maamuzi: nipeleke kondoo na blanketi Mugeta kumfunika mama aibu niliyomvisha. Nilikubali kabla hawajamaliza kusema.

Lakini kondoo hafuniki yote. Kabla sijakwenda, mtendaji wa kule kwao alikuwa ameshapata habari, akaja na mgambo wakazunguka nyuma ya zizi. Hawakukuta kitu, mama alikuwa ameng'oa kila shina la bangi na kuchoma moto siku ileile aliyorudi kutoka Bunda, ila walipekua nyumba ya mjane majirani wakiwa wamepanga mstari kwenye uzio. Kanisani kwake wakamvua uenyekiti wa umoja wa akina mama, wakamtenga na meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu. Nasikia aliwauliza wazee wa kanisa atubu nini, atubu mguu? Wakamwambia akafikirie. Na yeye akaacha vyote. Aliacha majani, akaacha na vidonge vyangu, vikakaa dirishani kwenye pakiti yake vinapigwa jua. Mugesi alipokwenda alimkuta amelala kwa ubavu mmoja, hawezi kugeuka, anauma pindo la shuka ili majirani wasimsikie.

Tulikwenda Mugeta mimi, Mugesi na kondoo. Blanketi likapokelewa, kondoo akafungwa. Mimi nikawekewa kigoda nje, chini ya dirisha la chumba chake, nimeupa ukuta mgongo, naangalia mahindi. Dirisha lilikuwa wazi. Mugesi akakaa kizingitini, katikati yetu, ili mimi niseme naye na yeye aseme na mama, ingawa ukuta ule ni wa udongo na kila tulichosema kilisikika pande zote mbili. Nilimsikia anavyopumua. Kila alipojaribu kujisogeza kitanda kililia, halafu pumzi inakatika, halafu inarudi.

Nikafundisha. Ilikuwa semina ya mtu mmoja. Nikamwambia Mugesi amwambie mama kwamba kosa halikuwa lake, mtu mwenye maumivu yale anashika chochote. Kwamba yale majani pengine yalikuwa yanampunguzia kweli, sikatai, lakini hayakuwa na kipimo na yalikuwa yanagombana na vidonge, ndiyo maana miguu ilikuwa inamwisha na usingizi unamwangusha. Kwamba sasa ameacha yale, vidonge asiviogope, tuanze na kidogo. Kwamba zipo hospitali zenye watu wa kushughulikia maumivu makubwa, wana dawa halali kali zaidi ya hizi zangu, wanatoa kwa utaratibu, nitawatafuta, Mugesi atampeleka, mimi nitakaa nje ya geti. Nilieleza vizuri kuliko Bunda. Sauti ilinitoka, nikasema na samahani, nikasema nimekosa, nikasema mpaka nikasikia Mugesi analia.

Kuku walikuwa wananidonoadonoa kamba za viatu, vile viatu vipya. Halafu mama mkwe wangu akasema, si kwa Mugesi, ingawa alimtaja Mugesi:

"Mugesi. Muulize huyo baba. Mimi nilipomwona anapanda pale mbele nilitaka kutoka. Nikakaa. Akasema atakayeona ni yeye tu. Nikasema basi, hii ndiyo nafasi yangu ya kumwambia mkwe wangu, maana kwa mdomo siwezi na kwako wewe naonaga haya. Wengine walikuwa wanamnyooshea mkono dokta. Mimi nilikuwa namnyooshea yeye, mkwe wangu. Muulize haya yote anayoyasema leo, kwa nini hakuyasema siku ile nilipoinua mkono? Kwa nini alinikimbia?"

Mugesi hakuniuliza. Hakukuwa na haja. Nilibaki nimekaa naangalia mahindi, na jibu nililokuwa nalo ni kwamba nilikuwa nampa heshima, na nililiona hilo jibu lilivyo, nikalimeza.

Pakiti ya vidonge tulirudi nayo Musoma. Iko dukani kwenye droo, sijaiuza wala sijaitupa. Kila wiki Mugesi anakwenda na mpya, kila wiki anarudi nayo, na hospitali mama amekataa kwa sababu anasema huko nako watamwambia anyooshe mkono. Mimi nafundisha bado, watu wa maumivu hawajaisha, ila kwa Mungu naapa sitamwambia tena mtu afumbe macho ili mimi nione, na mahali penye spika sikanyagi. Nimefungua kamlango ka nyuma ya duka, anayetaka kusema anapita huko, nafunga, nakaa chini, nasikiliza mpaka amalize. Na nikiwa barabarani, hapo Kamunyonge au popote, nikaona mtu ameinua mkono, hata kama anasimamisha bodaboda wake mwenyewe na hanijui, nasimama kwanza.